Helmeti Isicheze

Jumatatu, 4 Machi 1996

Imefika! Pikipiki ya mradi imeshushwa stesheni leo asubuhi, ikiwa bado na karatasi kwenye taa, na nusu ya Ifakara ilikwenda kuipokea kama bwana harusi. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Nilimkanyaga mtu na sikuomba radhi.

Bwana Mkubwa, mkuu wetu wa kilimo, ametuita ofisini, mimi na bwana shamba mwenzangu Omega. Pikipiki ni moja, na ni ya vijiji vya Mchombe na Mofu, ambavyo ni vyangu mimi, Aurelia, bibi shamba mwenye cheti na mhuri. Mpaka sasa nimekuwa nikienda kwa baiskeli na kurudi nimetapakaa matope hadi kwenye nyusi. Ila sharti lipo. Tutafundishwa wote wawili, na mtihani ni mwisho wa Aprili. Nikifaulu, pikipiki yangu. Nikifeli, Omega anachukua pikipiki pamoja na vijiji, mimi naingia stoo kupima mbegu.

Omega kanipa pole mapema. Nimemwambia aiweke akiba, ataihitaji.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu wetu ni Mzee Hermenegildi. Alikuwa dereva wa jeshi kule Chita, na mpaka leo mji mzima unamwita Afande. Kichwa chake hakina unywele hata mmoja, na anakipaka mafuta.

Nilidhani tungeanza na pikipiki. Tumeanza na helmeti. Sanduku lina nne, mbili kubwa na mbili ndogo. Afande anakuvisha, anaishika kwa mikono miwili, anaitikisa huku na huku kama mtu anayechagua nazi. Ngozi ya paji la uso ikienda pamoja na helmeti, sawa. Helmeti ikienda peke yake, umekwisha.

"Helmeti isicheze," anasema. "Ikicheza, hupandi."

Omega alivaa ndogo ikamkaa barabara. Nimefurahi kujua kwamba kichwa chake ni kidogo kuliko anavyojivuna. Zamu yangu ikafika. Mbuke, rafiki yangu, alikuwa amenisuka vitunguu Jumapili, vinene, vimesimama. Ile ndogo ilikaa juu ya vitunguu kama sufuria juu ya mafiga. Kubwa iliingia, lakini Afande alipoitikisa ilizunguka mpaka nikawa natazama sponji.

"Binti, hizi nywele hapana. Kata, au kaa chini."

"Afande, shikamoo tena," nikasema, "lakini nywele haziendeshi pikipiki."

Omega alicheka. Afande hakucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua kutwa. Chura yuko chini ya kitanda changu na hataki kutoka.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa nimemweleza Mama. Nilitegemea anionee huruma. Yeye aliendelea kupepeta mchele.

"Nywele zinaota, Aurelia. Kazi haioti."

Mama anasahau. Tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne nimenyolewa. Kila Jumatatu mstarini, mwalimu wa zamu anapitisha kidole kichwani, kikizama kidogo tu unapelekwa kwenye mkasi. Nilimaliza shule sijui nywele zangu zina sura gani. Nilipoziacha ziote ndipo nikazijua: nyeusi, nzito, zina hasira kama mimi. Mwaka wa nne huu, na nikizivuta zinapita mabega. Sizikati. Na pikipiki siiachi. Mwenyewe najua kwamba mshika mbili moja humponyoka, lakini methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye mikono mifupi.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata dawa!

Leo nilikuwa nateka maji bombani, nikajitwika ndoo, nikatembea mikono mitupu mpaka nyumbani bila tone kumwagika, ndipo akili ikanijia. Ndoo haichezi kwa nini? Ngata! Nimechukua kanga kuukuu ya Mama, nikaikunja ngata nzuri ya duara, nikaishindilia ndani ya ile helmeti kubwa. Vitunguu vinaingia katikati ya duara, ngata inabana pembeni. Nimetikisa kichwa mbele ya kioo. Imetulia tuli.

Mkanda wa kidevuni haufiki tena, kwa kuwa helmeti imepanda juu. Hauna shida. Nani amewahi kufunga ndoo kidevuni?

Ijumaa, 15 Machi

Afande ametikisa, helmeti haikucheza. Mkanda niliushikiza na kola, hakuona. Nimepanda! Nimezunguka uwanja mara nyingi mpaka Omega akalalamika. Natabasamu ninavyoandika.

Jumanne, 19 Machi

Niandike yote kabla Mama hajanisimulia vibaya kwa majirani.

Leo tumetoka uwanjani kwa mara ya kwanza, barabara ya kwenda Mchombe. Afande mbele na pikipiki yake, mimi nyuma, majaruba kushoto na kulia, mpunga umekolea kijani kile kinachotia hamu ya kuimba. Nikaimba. Shingo nimeinyoosha, mabega yametulia, kichwani nimetwika helmeti yangu na ngata yake. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege walinipungia, nami nikawapungia kwa nyusi.

Tulipofika kwenye karavati kulikuwa na shimo. Pikipiki ikaruka. Helmeti ikainama upande. Hapo sasa mkono wangu wa kushoto, uliofundishwa na ndoo tangu nina miaka sita, ukapaa wenyewe kushika mzigo. Sikuuagiza. Ndivyo anavyofanya mwanamke yeyote wa hapa ndoo ikitaka kumwagika: anashika ndoo kwanza, mengine baadaye. Ila safari hii mengine yalikuwa usukani na klachi.

Tuliingia jarubani, mimi na pikipiki ya mradi, kwa kishindo ambacho nadhani walikisikia Mofu. Helmeti ilitua mbali na mimi, ikagonga ukingo, ikaruka, ikaangukia mfereji, ikaenda na maji huku ngata ya Mama ikichungulia. Mimi sikupata kitu zaidi ya goti lililochunika na mdomo uliojaa tope. Nililia, nakiri, lakini kwa aibu.

Afande aliingia majini na viatu vyake. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza polepole, akatazama kila upande. Nilisubiri matusi ya jeshini. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Lingekuwa jiwe hapa ulipoangukia, ningemwambia nini mama yako?"

Afadhali angenitukana.

Jumatano, 20 Machi

Uamuzi wa Afande: hanifuti, lakini sigusi pikipiki mpaka helmeti ndogo inikae bila ngata. "Hiyo ndiyo saizi ya kichwa chako. Kubwa ilikuwa saizi ya nywele."

Jumapili, 24 Machi

Tumepata mgeni wa ajabu. Mzee Ndaki, mfugaji Msukuma mwenye ng'ombe wengi upande wa Mchombe, kaja na baiskeli mpaka mlangoni. Kwenye keria amefunga helmeti yangu, na ndani ya helmeti kuna perege, wengine bado wanapumua.

"Mke wangu kaikuta mferejini, imeshika samaki yenyewe," akasema. "Nikauliza, bakuli hili jekundu la nani, wakasema la binti aliyelala kwenye mpunga."

Mji wote unajua, basi. Mama amewakaanga perege na tumekula pamoja, mzee akatoa hadithi mpaka Mama akashika mbavu. Nimeipeleka helmeti kwa Afande. Akaipapasa, akaonyesha ufa mdogo kama unywele.

"Helmeti ikishapigwa, haivaliwi tena. Nje inaonekana nzima, ndani imekufa. Tangu leo ni bakuli. Mrudishie mwenye samaki."

Niliporudi nyumbani, Mzee Ndaki akaipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, binti," akanishukuru Kisukuma.

Alhamisi, 28 Machi

Omega anaendesha mpaka gia ya nne. Mimi nimekaa benchi nikihesabu mbu.

Jumamosi, 30 Machi

Siku ya leo siiamini hata mimi niliyeiishi.

Nimeamka nimekubali kukata. Nilijiambia: Wiki Takatifu inaanza kesho, wengine wanaacha nyama, mimi nitaacha nywele. Nikafumua vitunguu, nikachana mpaka zikasimama kichwani kama kichaka, nikaenda kwa kinyozi karibu na soko. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaona bora nipite kwanza kwa Afande nimwambie kwamba ameshinda, ili nisipate nafasi ya kughairi.

Anakaa Lipangalala, nyumba yenye mlango wa bluu. Nikabisha hodi, kimya. Nikasikia sauti ya mtoto ikisema, "Aah baba, unaniumiza!" Nikasukuma mlango.

Afande Hermenegildi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Katikati ya magoti yake kakaa Gladness, bintiye mwenye miaka kumi na miwili. Chanuo liko mdomoni, kopo la mafuta ya nazi liko mguuni, na vidole vyake vinene vya klachi vinasuka mstari mmoja mwembamba, ulionyooka kama reli. Binti mdogo mwingine alikuwa kando, ameshamaliza kusukwa, anajitazama kwenye kijiko.

Tulitazamana. Chanuo likamdondoka.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga, mimi nikiwa ndani. Nikasalimia, "Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Hukuona kitu."

"Afande, nimeona mstari ulionyooka."

Gladness akaangua kicheko, na mimi nikashindwa kujizuia, na mwishowe mzee mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. Kumbe mke wake, muuguzi, yuko Dar kwa masomo, mwaka wa pili. Mwanzoni aliwapeleka mabinti kwa msusi, wakarudi wanalia kwa kuvutwa. Akajifunza mwenyewe, kila Jumamosi, mlango umefungwa. "Wenzangu wa Chita wakijua," akasema, "nitahama mji."

Nikamwambia nimekuja kumuaga kwa niaba ya nywele zangu. Akazitazama. Nilimwona anapigana na nafsi yake.

"Tatizo si urefu," akasema mwishowe. "Tatizo ni zinapokaa. Vitunguu vimesimama utosini, ambapo helmeti inatakiwa kugusa kichwa. Nywele zilale. Mistari yote ianzie mbele ishuke nyuma, myembamba, iungane chini kabisa, hapa, shingoni, chini ya ukingo wa helmeti. Msuko mmoja. Unaingia ndani ya shati, upepo usiuone. Bila shanga, bila vibanio. Kitu kigumu kikiwa chini ya helmeti ni kama msumari unaongoja nyundo."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

Alisugua kipara. "Ungeniuliza nimejulia wapi."

Nimemdhania mabaya mtu huyu mwezi mzima. Nilidhani anazionea wivu nywele zangu kwa sababu yeye hana! Gladness ndiye aliyenisuka, babake akisimamia kama gwaride: "Shusha. Shusha huo. Usipande kushoto." Kisha akaleta ile helmeti ndogo. Ikashuka mpaka vidole viwili juu ya nyusi, ikanibana mashavu. Akafunga mkanda, akapitisha kidole kidevuni, akatikisa. Paji langu lote lilikwenda pamoja nayo.

Nimeapa kutomwambia mtu. Daftari si mtu.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Aleluya, wali, kuku, na Mama kakubali kwamba nywele zimenikaa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimerudia kila siku wiki hii. Matope ni ya kuogelea, lakini mikono yangu yote miwili inabaki kwenye usukani. Mbuke ananuna, anataka kujua nani kanisuka bila yeye. Nimemwambia ni jeshi.

Ijumaa, 26 Aprili

Kesho. Mvua inapiga bati. Nimemwomba Mungu nifaulu, na Omega afaulu kidogo tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika huku nacheza, kwa hiyo mwandiko huu mnisamehe.

Mtihani ulikuwa kutoka Ifakara mpaka gulio la Mchombe na kurudi. Bwana Mkubwa alikuja na gari. Omega alitangulia, akafika salama, pikipiki ikamzimikia mara moja tu. Zamu yangu ilianzia gulioni kurudi, watu wamejipanga barabarani, ndizi kichwani, kuku mkononi. Nilikwenda vizuri mpaka pale ng'ombe alipotoka nyuma ya vibanda. Ng'ombe gani? Wa Mzee Ndaki, bila shaka. Nikashika breki, gurudumu likateleza kwenye tope, na mimi nikalala ubavu mpaka kichwa kikagonga ukingo wa saruji wa karavati. Nilisikia mlio. Kweli niliusikia, ko! Lakini niliusikia kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani.

Mikono ilikuwa bado kwenye usukani.

Afande alifika akikimbia. Akanivua helmeti taratibu. Akauliza jina la mama yangu, akauliza leo siku gani, akanifuatisha kidole kwa macho. Akanikalisha kwenye kibanda cha mama muuza vitumbua, nikanywa maji, nikala vitumbua viwili, na bado hakuniruhusu kusimama. Watu wamejaa. Akaigeuza helmeti kuonyesha mkwaruzo ubavuni, mrefu kama kiganja.

"Hapa," akawaambia watu, "pangekuwa kichwa."

Bwana Mkubwa akatazama saa. Akasema pole, binti, pengine mtihani umeishia hapa. Afande akamjibu kwamba kuanguka kwa ajili ya ng'ombe si kufeli, ila helmeti hii imeshakufa, na kwenye gari hakuna nyingine ya saizi yangu. Basi, nikawaza, stoo hiyo. Nikasikia harufu ya mbegu kabisa.

Ndipo Omega akafungua mkanda wake, akavua helmeti yake ndogo, akaninyooshea. Hakuna aliyemwomba.

"Chukua. Nikishindana, nishindane na wewe. Sitaki kushindana na ng'ombe."

Omega! Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia kwa sababu ya mafuta ya vitumbua mikononi. Nikaivaa helmeti yake. Haikushuka. Nikapapasa kisogo. Wakati wa kuvuliwa ile ya kwanza uzi ulikatika, na msuko wa chini umefumuka pamoja na mistari mitatu, nywele zimefura kisogoni. Mbuke hayupo. Gladness hayupo. Nikamtazama Afande, na yeye akanitazama, na sisi wawili tu ndio tuliojua ninachofikiri. Nikatikisa kichwa kumwambia basi, usijali, Afande. Nilikuwa nimeapa.

Watu gulioni walikuwa wengi. Wenzake wa Chita wawili walikuwa pale pale wakinunua tumbaku, niliwaona.

Afande akashusha pumzi. Akamgeukia mama wa vitumbua, "Mama, naomba ruhusa nikae kwenye kigoda chako." Akakaa. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa chanuo.

"Njoo ukae chini, mwanangu," akasema.

Kicheko kikatoka upande wa tumbaku, kikaenea gulio zima. "Afande! Na mimi unisuke ndevu!" Shingo yake nyuma yangu lazima ilikuwa inawaka, lakini vidole havikusita. Alisuka mstari wa kwanza. Alisuka wa pili. Kicheko kikapungua, kwa kuwa wanawake walianza kusogea. Mama wa vitumbua akainama, akatazama kisogo changu kama anakagua mchele.

"Jamani, mbona mstari wa huyu baba umenyooka kuliko wa msusi wangu?"

"Mimi wangu ananivuta mpaka nalia," akasema mwingine.

"Baba, unafanya shilingi ngapi?"

Mmoja wa wale wa tumbaku alisogea kutazama vizuri, ameshika ugoro kwenye kiganja na ameusahau.

Afande akafunga uzi, akauingiza msuko ndani ya kola yangu, akanivisha helmeti ya Omega, akafunga mkanda, akatikisa. Haikucheza. Sauti yake ikarudi ile ya jeshini. "Panda! Unangoja nini?"

Nikapanda. Nilikuwa nalia, na sikujali nani anaona. Nilipopita pale kwenye karavati, Mzee Ndaki alikuwa amemshika ng'ombe wake pembe zote mbili, akipiga kelele, "Pita, binti wa bakuli! Nimemkamata!"

Nimefaulu.

Jumatano, 1 Mei

Mama ameichukua helmeti iliyokufa. Kuku wake mweusi ametaga ndani.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekwisha. Barabara ya Mofu imekauka kiasi cha kutimua vumbi, na mpunga unavunwa. Nimekwenda na kurudi leo kabla ya saa tisa, safi, nyusi zangu hazina tope. Omega amepewa vijiji vya upande wa Mahenge na ahadi ya pikipiki mwakani, na Jumamosi iliyopita nilimkuta Lipangalala, mlango wa bluu ukiwa wazi, anajifunza kusuka kwa ajili ya mkewe. Mistari yake ni mibaya sana. Gladness anamfokea.

Mchana nilipumzika Mofu kwa wasusi walio karibu na mashine ya mpunga. Msichana mmoja, hata baiskeli hana, alikaa kwenye mkeka, akatupa kitambaa, akamwambia msusi wake, "Nisuke Afande."

"Afande gani?" nikauliza, kama mjinga.

"Dada, hujui? Mistari inashuka yote, inaungana chini, inalala. Ndiyo iliyotoka sasa hivi, hata Ifakara wanasuka." Akanitazama kichwani, macho yakamtoka. "Kumbe na wewe umesuka!"

Nimepita Lipangalala kumwambia mzee. Alikuwa nje, barazani, hadharani, mtoto wa jirani yuko katikati ya magoti na wengine wawili wanangoja zamu. Alisikiliza mpaka mwisho, chanuo mdomoni.

"Mwambie huyo msusi wa Mofu," akasema, "asikaze sana pembeni."